Ruzuku ya TASAF kwa mama mjamzito na anayenyonyesha: mambo ya kujua

Hapa Kibakwe, wilayani Mpwapwa, wajawazito hutuuliza mara kwa mara: "Nesi, ile hela ya wajawazito inatolewa lini?" Wengine huchelewa kuanza kliniki kwa sababu wanasubiri kwanza waandikwe majina. Tafadhali mama, usisubiri. Tanzania haina fedha inayotolewa kwa kila mwanamke kwa sababu tu ni mjamzito. Iliyopo ni ruzuku ya kaya maskini kupitia Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), na ndani yake mama na mtoto wana nafasi yao.

Ruzuku hii ilianzaje?

Malipo ya majaribio yalianza 2010 katika wilaya 3: Bagamoyo, Kibaha na jirani zetu wa Chamwino. Mwaka 2012 Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulizinduliwa kitaifa, na awamu ya pili ikazinduliwa Februari 2020.

Nani anapata?

Inayoandikishwa ni kaya, si mtu mmoja. Wanakijiji hutaja kaya zenye hali ngumu kwenye mkutano wa kijiji, kisha kaya hizo hujaziwa dodoso na taarifa zake huhakikiwa. Kwa hiyo nesi hawezi kukuandikisha, na uandikishaji haufanyiki kila siku. Muulize mtendaji wa kijiji kama upo, na uhudhurie mkutano wewe mwenyewe. Kuandikishwa hakulipiwi. Anayekuomba "hela ya fomu" anakuibia.

Kama kaya yenu tayari imo, toa taarifa kwa kamati ya mpango kijijini ukipata ujauzito na ukijifungua. Mtoto ambaye hajaingizwa kwenye taarifa za kaya hahesabiwi.

Masharti ya afya

Sehemu ya ruzuku hutegemea mahudhurio ya kliniki:

- Mjamzito ahudhurie kliniki. Mwongozo wa taifa unataka mahudhurio 8, la kwanza kabla ya wiki 12.
- Mtoto wa chini ya miaka 5 apelekwe kupimwa uzito na kupata chanjo kwa tarehe zilizoandikwa kwenye kadi.

Mahudhurio hujazwa kwenye fomu kituoni. Usipohudhuria bila sababu, sehemu hiyo inaweza kukatwa. Wengi hukwama wakati wa kifuku, familia zinapohamia mashamba ya mbali. Ukihama, beba kadi na uende zahanati iliyo karibu na shamba. Iambie kamati mapema, na ukirudi mwonyeshe nesi wako kadi.

Malipo yanakujaje?

Kwa utaratibu wa mpango, ruzuku hulipwa kila baada ya miezi 2, na kiasi hutofautiana kulingana na kaya ilivyo. Mara nyingi mpokeaji ni mama. Kama mnalipwa kwa simu, tumia laini iliyosajiliwa kwa jina lako na usimpe mtu namba ya siri. Fedha ikipungua, iulize kamati ikueleze sababu.

Itumie wapi kwanza?

Fedha ni kidogo, hivyo panga kabla haijafika mkononi. Anza na chakula: maharage, dagaa, mayai, karanga na mboga za majani. Mama anayenyonyesha anahitaji chakula cha ziada kila siku. Mtoto wa chini ya miezi 6 anahitaji maziwa ya mama tu, hata maji asipewe, kwa hiyo ukitumia fedha hiyo kumnunulia uji au maziwa ya kopo umeipoteza. Kinachobaki, weka akiba ya vifaa vya kujifungulia na nauli. Mzungumze na baba wa mtoto mapema, msije mkagombana siku ya malipo.

Kama kaya yenu haimo

Sera ya Afya ya 2007 inaelekeza huduma za wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5 zitolewe bila malipo katika vituo vya umma. Njoo kliniki hata kama huna shilingi.

Kama umeajiriwa, sheria ya kazi ya 2004 inakupa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au 100 ukijifungua mapacha. Ukirudi kazini una haki ya hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha.

Usisubiri siku ya malipo

Ukitokwa na damu, kichwa kikiuma sana, uso ukivimba, ukipata degedege, au mtoto akiacha kucheza tumboni, nenda kituoni saa hiyo hiyo. Kama huna usafiri, piga 115, namba ya bure ya m-mama, upate gari la dharura. Ruzuku ikichelewa, mwezi ujao utaidai. Damu ikitoka, hata saa moja ni nyingi.