Sauti ya Gregory Ilipovuka Bahari

Mwezi wa Mei mwaka 1982 filamu moja ndogo kutoka Uskoti iliingia katika majumba ya sinema ya Marekani ikiwa na sauti isiyokuwa yake hasa. Jina lake ni Gregory's Girl, yaani msichana wa Gregory, na aliyeitunga na kuiongoza ni Bill Forsyth, mzaliwa wa Glasgow. Picha zilikuwa zile zile zilizoonyeshwa Uingereza mwaka mmoja kabla. Hadithi ilikuwa ile ile. Ila kampuni ya Samuel Goldwyn, iliyoichukua kwa ajili ya soko la Marekani, iliitoa mazungumzo yake yakiwa yameingizwa upya, kwa lafudhi ya Kiskoti iliyolegezwa, ili masikio ya huko yasitaabike.

Namwomba msomaji asilipite haraka neno hilo, "iliyolegezwa". Miaka miwili nyuma Waaustralia wa filamu ya Mad Max walipofika Marekani walikuta wamepewa sauti za Kimarekani. Huo ulikuwa unyang'anyi wa mchana kweupe, na kila mwenye akili aliuona. Gregory hakufanyiwa hivyo. Alibaki Mskoti, lakini Mskoti aliyepigwa msasa, asemaye kama mtu wa nchi ile bila ya kuwa mtu wa mtaa wowote wa nchi ile. Mabadiliko ya namna hii ndiyo magumu kuyalalamikia, kwa sababu ukiulizwa ni kitu gani kilichoondolewa, huna cha kuonyesha mkononi.

Ieleweke pia kwamba hapa hapakuwa na lugha mbili. Gregory na wenzake hawasemi Kigaeli, lugha ya nyanda za juu na visiwa vya magharibi. Wanasema Kiingereza, kwa namna kinavyosemwa na watu wa Glasgow na miji iliyozaliwa nayo, kikiwa kimechanganyika na urithi wa Kiskoti cha kale. Kwa hiyo walichotengwa nacho Wamarekani na vijana hao ni matamshi tu, kama vile Mvita anavyotengwa na Mmakunduchi: kila mmoja akimsikia mwenzake hutega sikio dakika tatu, kisha mambo huenda.

Mji wenyewe ni Cumbernauld, kilomita zipatazo 20 kutoka Glasgow. Ulitangazwa kuwa mji mpya mwaka 1955, ili kupunguza msongamano wa Glasgow, ambako familia nyingi ziliishi katika majengo ya kale yaliyochakaa. Wasanifu waliupanga kwa nadharia: magari yapite njia zao, waendao kwa miguu wapite zao, juu ya vivuko na chini ya barabara, wasikutane. Katikati wakainua jengo moja kubwa la zege la kukusanya maduka na shughuli zote, jengo ambalo Waskoti hawajaacha kulitania mpaka hii leo. Forsyth alipofika hapo kupiga filamu mwaka 1980, mji ulikuwa na umri wa miaka 25, na vijana wa shule walikuwa kizazi cha kwanza kuzaliwa na kukulia ndani yake. Mji nao ulikuwa haujamaliza kubaleghe. Naamini Forsyth aliliona hilo, maana kamera yake inavitazama vile vivuko, nyasi na mitaa mipya bila dhihaka. Jua la kiangazi limeviangukia, na vinapendeza.

Fedha zilikuwa pauni zipatazo 200,000, kiasi kidogo mno kwa filamu. Baadhi ya vijana walitoka katika kikundi cha maigizo cha Glasgow Youth Theatre, ambacho Forsyth alikwisha kukitumia katika filamu yake ya kwanza, That Sinking Feeling, ya mwaka 1979. Clare Grogan, aliyecheza Susan, alikuwa mhudumu wa mkahawa mjini Glasgow pale Forsyth alipomwona. Hawa walikuja na sauti zao kutoka nyumbani, na sauti hizo ndizo zilizokuwa sehemu ya mtaji wa mwongozaji.

Hadithi ni nyepesi hata mtu huona haya kuisimulia. Timu ya soka ya shule inafungwa kila mara. Mwalimu anatafuta wachezaji wapya, na anayejitokeza akiwapita wote kwa mbio na mashuti ni msichana, Dorothy. Anapewa nafasi ya Gregory ya mshambuliaji wa kati, na Gregory anasukumwa nyuma kulinda lango. (Tukumbuke kwamba chama cha soka cha Uskoti kilikuwa hakijaitambua rasmi soka ya wanawake mpaka mwaka 1974, kichekesho hiki kilikuwa bado kibichi.) Badala ya kukasirika, Gregory anampenda. Anajikusanya, anaomba miadi, anakubaliwa. Lakini jioni ya miadi Dorothy hatokei. Wasichana wenzake wanamkabidhi Gregory mmoja kwa mwingine, kama kifurushi, mpaka anafikishwa kwa Susan, ambaye ndiye aliyemtaka tangu mwanzo. Wanakwenda bustanini, wanalala chali juu ya majani, na Gregory anamfundisha Susan kucheza dansi kwa mikono tu, wakiwa wamelala vile vile. Katikati ya hayo yote mtu aliyevaa vazi la ndege aina ya pengwini anazurura kwenye korido za shule, akielekezwa mlango huu na ule, na hakuna anayeshangaa. Forsyth haelezi, nami sitaeleza.

Ila nilichokusudia kukisema ni hiki: filamu hii ni ya watu wasiojua bado namna ya kusema. Umri wa kubaleghe ndio umri ambao sauti ya mvulana huvunjika; analala na moja, anaamka na nyingine. Gregory huanza sentensi akaipoteza njiani. Rafiki yake Andy hujaribu kuwavutia wasichana katika chumba cha chakula kwa kuwapa maarifa ya kutisha aliyoyaokota mahali. Charlie, mwenzake Andy, hasemi neno karibu filamu nzima. Wawili hao wamesikia kwamba huko Caracas wanawake ni wengi kuliko wanaume, basi mwishoni wanasimama kando ya barabara wakiomba kupakiwa mpaka Venezuela, na bango lao limekosewa tahajia. Hapo ndipo Charlie anapofungua kinywa. Wanaojua kusema ni wasichana, na zaidi ya wote ni Madeline, dada yake Gregory, mtoto wa miaka kumi hivi, ambaye humshauri kakaye mambo ya mapenzi kwa utulivu wa shangazi aliyekwisha kuoza binti watatu.

Katika kazi ya namna hiyo lafudhi si nguo ya juu ya kuvuliwa na kuvalishwa. Kigugumizi cha Gregory kina mji. Mtu anaposhindwa kusema, hushindwa kwa lugha ya kwao; hayupo anayebabaika kwa lugha sanifu. Ukimlegezea matamshi ili aeleweke, unamwondolea nusu ya shida yake, na shida hiyo ndiyo filamu. Mwezi Machi mwaka ule ule 1982 waamuzi wa tuzo za BAFTA, huko London, walimpa Forsyth tuzo ya mswada bora, wakiwaacha nyuma watunzi wa Chariots of Fire na Harold Pinter mwenyewe. Walituza maneno. Miezi miwili baadaye maneno hayo yakavuka Atlantiki na vinywa vya kuazima.

Kuna kejeli ndani ya kejeli. Kampuni iliyofanya usambazaji huo ilikuwa ya Samuel Goldwyn mdogo, mwana wa Samuel Goldwyn mkubwa, mzaliwa wa Warsaw aliyefika Marekani akiwa kijana na kuwa mmoja wa wakuu wa Hollywood. Mzee huyo alisifika kwa Kiingereza chake kilichopinda, hata misemo yake iliyokwenda upande ikapewa jina lake na kukusanywa kama lulu. Marekani ilimpenda kwa lafudhi yake. Mtu angedhani nyumba ile ingekuwa ya mwisho kumwonea haya kijana wa Cumbernauld.

Hata hivyo sitaki kumhukumu msambazaji kwa pupa. Filamu ilikuwa haina mchezaji hata mmoja aliyejulikana Marekani. Mtazamaji wa Chicago au Ohio alikuwa na filamu nyingine za kutazama, na asiyeelewa dakika kumi za mwanzo huinuka akaenda zake. Filamu ilipokewa vizuri. Roger Ebert, mhakiki wa Chicago, aliisifu. Mlango uliofunguka hapo haukufungwa: mwaka uliofuata Forsyth alitoa Local Hero, yenye Mmarekani Burt Lancaster ndani yake, na baadaye akaitwa kuongoza filamu huko huko Marekani. Pengine bila ya sauti ile ya kuazima asingefika. Mimi mfasiri ni mtu wa mwisho kusema kwamba kazi isivuke bahari mpaka ivuke nzima, kwa kuwa hakuna kazi iliyopata kuvuka nzima.

Lakini yamenifika, na kwa hiyo naijua ladha yake. Zamani kidogo nilimpelekea mchapishaji mmoja wa bara mashairi niliyoyafasiri kutoka Kiingereza, kwa tarbia, na katika ubeti mmoja nilitumia neno "mato" kama tulisemavyo sisi, likikaa kwenye kina cha -to pamoja na wenzake. Kitabu kiliporudi, "mato" yamekuwa "macho". Mhariri alikuwa mtu mpole, na barua yake ilieleza kwamba wanafunzi wasingeelewa. Mizani ilibaki nane kwa nane, hakika. Kina kilikufa. Yeyote asomaye ubeti ule leo atadhani mfasiri hakujua kutunga, na jina lililo juu ya jalada ni langu, si la mhariri. Kilichoniuma si kubadilishwa. Ni kubadilishwa pasipo alama yoyote ya kuonyesha kwamba palikuwa na kitu kingine. Na nikiwa mkweli nitakiri kwamba mwanafunzi wa Bujumbura huenda kweli angejikwaa.

Dawa ya kujikwaa huko ilikuwapo zamani, na Waskoti wenyewe walikuwa nayo. Robert Burns alipochapisha diwani yake ya kwanza mjini Kilmarnock mwaka 1786, katika lugha ya wakulima wa kwao, aliweka mwishoni sherehe ya maneno kwa ajili ya wasiojua. Hakuyalegeza mashairi. Aliwapa wageni ngazi ya kupandia, nao wamepanda kwa zaidi ya miaka mia mbili. Washairi wa mwambao wetu, waliotunga kwa Kiamu au Kimvita baada ya Kiunguja kuchaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, walifanya vivyo hivyo: sherehe nyuma ya kitabu, ubeti mahali pake. Katika sinema ngazi hiyo ni maandishi ya chini ya picha, ambayo yanakiri waziwazi kwamba hapa pana lugha na hapa pana mgeni.

Na kama mtu hapendi kusoma, ipo njia ya Dar es Salaam na Kampala, ambako watafsiri wa mikanda husimama kati ya filamu na watazamaji, wakisimulia, wakiongeza chumvi, wakimpa shujaa wa Hong Kong jina la jirani. Wasomi huwacheka. Mimi huwaona waaminifu kupita wengi, kwani hakuna aketiye katika kibanda kile asiyejua kwamba anamsikia mtafsiri.

Kisa cha Gregory hakikuwa cha kwanza wala cha mwisho. Kes, filamu ya Ken Loach ya mwaka 1969 juu ya mvulana wa mji wa migodi huko Yorkshire na kipanga wake, nayo ilitengenezewa sauti ya pili kwa ajili ya nchi za nje. Trainspotting ya mwaka 1996, nayo ya Kiskoti, ilifanyiwa marekebisho ya baadhi ya mazungumzo kabla ya kuonyeshwa Marekani. Wavulana hao wote ni maskini au wa tabaka la kazi, na hilo si la bahati. Chariots of Fire, yenye wanafunzi wa Cambridge, ilitwaa tuzo kuu ya Oscar mwaka 1982 na matamshi yake yote.

Gregory's Girl ilipotolewa kwa diski huko Marekani miaka mingi baadaye, sauti zote mbili ziliwekwa, mtazamaji achague. Nimezisikiliza zote. Katika ile iliyolegezwa nilimwelewa Gregory mara moja. Katika ile ya kwao ilinibidi nirudishe nyuma mara mbili tatu, na ile mandhari ya bustanini niliirudisha mara nne, ingawa hapo nilikwisha kuelewa. Shule ya Abronhill, ambako filamu ilipigwa, ilifungwa mwaka 2014, kisha ikabomolewa, pamoja na korido alimozurura pengwini.