Kijiti cha Muhogo katika Uwanda wa Ruzizi

Kuanzia Lubarika kushuka hadi Uvira, muhogo una sifa ambayo hakuna anayeibishia: huota hata pale mahindi yanapokataa. Sifa hiyo ni ya kweli, ila ni ya mzizi, tena mzizi hauistahili peke yake. Ni mnene, una vinyweleo vichache, na fosforasi nyingi huipata kwa msaada wa kuvu wanaoishi ndani yake na kutandaza nyuzi zao udongoni. Majaribio ya kituo cha utafiti wa kilimo cha CIAT nchini Kolombia yalionyesha kwamba kwenye udongo maskini usio na kuvu hao, muhogo hudumaa. Kijiti kinachopandwa ni habari nyingine kabisa, na hicho ndicho kilichosahauliwa.

Utawala wa Kibelgiji nchini Kongo uliigeuza sifa ya muhogo kuwa sera. Kilimo cha lazima kilianza kwa sheria ya 1917. Amri ya 1933 ikakiwekea siku 60 kwa mwaka, na mwaka 1942, wakati wa vita, zikapandishwa hadi 120. Pamba ndiyo iliyokuwa zao la fedha uwandani, nayo ilishughulikiwa na kituo cha utafiti wa kilimo cha INEAC huko Lubarika. Muhogo ulikuwa akiba ya njaa: zao linalovumilia na lipewe ardhi iliyobaki. Lakini kila gunia la mihogo linaloondoka shambani huondoka na potasi, na shina lililokulia kwenye ardhi iliyokamuliwa hivyo halina akiba. Kijiti hakina pengine pa kula. Kabla mizizi haijashika, huishi kwa kile kilichokirithi kwa mama yake. Kikiwa chembamba, chenye macho machache, hutoa chipukizi dhaifu, na shina la chipukizi hilo ndilo litakalokatwa mwakani.

Kuna atakayesema mavuno yameshushwa na ugonjwa, wala si udongo. Kweli, ugonjwa wa batobato uliripotiwa Tanganyika tangu 1894, na huko Amani watafiti Storey na Nichols waliuzalisha muhogo na mpira wa Ceara ili kupata aina sugu. Hata hivyo batobato nayo husafiri ndani ya kijiti kilekile, na aina sugu ikizalishwa kutoka shina lenye njaa haiachi kuwa na njaa. Wakulima wa pichi huko Ulaya walilitenganisha jambo hili mapema: tunda huchaguliwa kwa utamu, shina la chini linalounganishiwa tawi la tunda hilo, kama lile la GF 677, kwa uwezo wake wa kustahimili udongo wa chokaa. Muhogo unaachiwa kijiti kimoja kifanye kazi zote.

Wengine watataja vita. Uvira ilipotekwa tarehe 24 Oktoba 1996, muhogo ulikuwa na faida kuliko ghala la mahindi, kwa kuwa ulibaki ardhini. Sikatai. Ila vijiti vilivyokatwa hukauka ndani ya wiki chache. Mkimbizi hawezi kutembea navyo mwaka mzima. Anaporudi huomba kwa jirani, na jirani hutoa alichonacho, hata kama kimedumaa.

Hakuna haja ya kurutubisha uwanda mzima. Yatosha mashina machache ya kukatia vijiti yapandwe nyuma ya jiko, pale majivu yanapomwagwa, kwani majivu yana potasi. Yale ya shambani yaachiwe kazi ya kuzaa mihogo.