Kanisa ni Nyumba au ni Watu?

Neno kanisa lina maana mbili katika Kiswahili. Mtu akisema kwamba kanisa limeezuliwa paa na upepo, twafahamu kuwa asema habari za nyumba. Akisema kwamba kanisa limemwombea mgonjwa, twafahamu kuwa asema habari za watu. Lugha imeziweka maana hizi mbili katika neno moja, wala haikutuambia ipi ndiyo ya kwanza.

Kwa Mkristo aliye safarini katika imani yake, swali hili si la maneno matupu. Yuko mtu asemaye kwamba imani ni jambo la moyo wake na Mungu wake, na kwa hiyo hana haja ya kanisa. Yuko mwingine ambaye hakosi kiti chake kila Jumapili, lakini hajui jina la mtu aketiye kando yake. Nani kati ya hawa wawili amelijua kanisa? Ili tupate jibu, na tuyatazame mambo yaliyotendeka katika nchi yetu wenyewe, huko Rabai, katika vilima vilivyo bara ya Mombasa.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha C.M.S. cha Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844. Kabla hajamaliza miezi mitatu, mkewe Rosine na mtoto wao mchanga walikufa kwa homa, wakazikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Kwa hiyo alama ya kwanza ya misheni hiyo katika nchi yetu haikuwa nyumba ya ibada bali kaburi. Mwaka 1846 Krapf alipata mwenzake, Johannes Rebmann, na wote wawili wakahamia Rabai kwa idhini ya wazee wa mahali hapo.

Vitabu vingi huwasifu watu hawa kwa sababu ya milima. Rebmann aliuona Kilimanjaro mwaka 1848, na Krapf akauona mlima Kenya mwaka 1849. Wataalamu wa Ulaya wakabisha sana waliposikia habari za theluji karibu na ikweta. Lakini kazi iliyowaleta ilikuwa nyingine, na kazi hiyo ilikwenda polepole mno. Wazee wa Rabai walikuwa na kaya yao, mizimu yao na desturi zao, wala hawakuona haja ya kuziacha kwa ajili ya maneno ya wageni wawili.

Mtu wa kwanza aliyeyapokea maneno hayo aliitwa Mringe. Hakuwa mzee mwenye cheo wala kijana mwenye nguvu, alikuwa kiwete. Alibatizwa mwaka 1851, karibu na kufa kwake. Tafakari jambo hili, msomaji. Wageni walikuwa wamekaa miaka saba pwani, na matunda yao yote yalikuwa mtu mmoja aliyelala kitandani akingoja mauti. Mtu wa hesabu angesema kwamba hapakuwa na kanisa. Lakini kiwete yule alikuwa amepata watu wa kuketi pamoja naye, kuzungumza naye na kumhesabu kuwa ndugu. Hatuwezi kusema kwamba alikufa nje ya kanisa.

Baada yake alifuata Abe Gunja, ambaye katika ubatizo aliitwa Abraham, pamoja na mwanawe Nyondo, aliyeitwa Isaac. Krapf aliondoka mwaka 1853, lakini Rebmann akabaki. Alikaa mwaka baada ya mwaka, akiandika kamusi na kufundisha watu wachache, hata macho yake yakaingia giza. Mwaka 1875 alirudi kwao Ujerumani akiwa kipofu, na mtu aliyemwongoza njiani alikuwa Isaac Nyondo. Yule aliyekuja kuwaonyesha wengine njia alishikwa mkono na mtoto wa mwanafunzi wake. Rebmann alikufa mwaka uliofuata. Akiulizwa mtu kanisa la Rabai lilikuwa wapi katika mwaka ule wa 1875, naweza kujibu kwamba sehemu yake moja ilikuwa baharini, katika mkono uliomwongoza kipofu.

Wakati huo huo mambo makubwa yalikuwa yakitendeka. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na manowari za Uingereza zikawa zinakamata majahazi na kuwatoa watu waliofungwa ndani. Watu hawa wangepelekwa wapi? Wengi walikuwa wametekwa utotoni, kutoka nchi za mbali kama za Wayao na Wanyasa. Hawakujua njia ya kurudi kwao, na wengine hawakujua tena jina la kijiji chao. Ndipo C.M.S. ikaanzisha mji wa Freretown huko Kisauni, ulioitwa hivyo kwa jina la Bartle Frere, balozi aliyetumwa kwa Sultani kwa ajili ya mkataba ule. Mtaa wa Kengeleni, Mombasa, umepata jina lake kutokana na kengele ya mji huo.

Wazee wetu walisema, mtu ni watu. Mtumwa ni mtu aliyenyang'anywa watu wake. Hana mjomba wa kumsimamia akioa, hana shangazi wa kumlilia akifa, wala hana ukoo wa kumtaja. Kwa mtu wa namna hiyo, kanisa halikuwa mahali pa kwenda saa moja Jumapili na kurudi nyumbani. Kanisa ndilo lililokuwa nyumbani. Mwenzake aliyebatizwa naye alikuwa ndugu yake kwa kuwa hakuwa na ndugu mwingine. Mwalimu wake alikuwa baba. Na jina alilopewa katika ubatizo lilikuwa jina ambalo hapana bwana aliyeweza kumwita kwa kumdai.

Walioongoza kazi hiyo hawakuwa Wazungu peke yao. William Jones na Ishmael Semler walikuwa Waafrika waliotekwa wakiwa watoto, wakaokolewa baharini, wakalelewa huko Nasik katika Bara Hindi, kisha wakarudi pwani kuwatumikia wenzao. Tarehe 31 Mei 1885, Askofu James Hannington aliwapa ushemasi. Miezi michache baadaye Jones alifuatana na askofu huyo katika safari ya Uganda. Hannington aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, na Jones, aliyekuwa ameachwa nyuma na sehemu ya msafara, akawarudisha wapagazi hadi Rabai. Waliingia mjini mwanzo wa mwaka 1886 nyuma ya bendera iliyoandikwa Ikabodi, jina la Biblia lenye maana ya kuwa utukufu umeondoka.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kanisa hilo lilikuwa halina doa. Katika Freretown walioachwa huru walitawaliwa na wasimamizi wa misheni, na mwaka 1881 malalamiko juu ya viboko na vifungo yalifanyiwa uchunguzi. Tena, wenye watumwa wa Mombasa walipotishia kuushambulia mji, wamisionari waliahidi kutowapokea watoro. Ni jambo la kuhuzunisha kwamba mtu aliyekimbia fimbo ya bwana wake aweza kukuta fimbo nyingine penye msalaba, au kuufikia mlango akaukuta umefungwa. Yatupasa kulisema jambo hili wazi, kwa maana mwana asiyeambiwa makosa ya wazazi wake huyarudia.

Lakini angalia walivyotenda watoro wenyewe. Huko Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, walijikusanya wakajenga kijiji chao, wakiongozwa na Wakristo Waafrika, na hapakuwa na Mzungu aliyekaa nao. Kiongozi wao, David Koi, aliuawa mwaka 1883. Na huko Rabai, alikohudumu Jones, watoro walizidi kuingia na kufichwa na majirani zao, ijapokuwa ahadi ilikuwa imetolewa ya kuwakataa. Mwaka 1888 wenye watumwa walikuja juu kwa hasira. George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza ya Afrika ya Mashariki aliona kwamba vita vingeweza kuzuka, akakubali kuwalipa fidia. Tarehe 1 Januari 1889 vyeti vya uhuru vilitolewa. Na waliokombolewa, Rabai na katika vituo vya jirani, walikuwa zaidi ya 1,400.

Naam, wakubwa waliandika mkataba wa kuufunga mlango, na wadogo wakaufungua usiku. Katika jambo hili nani alikuwa kanisa? Nadhani jibu halina shida. Mtu aliyemficha mtoro katika kibanda chake, akijua kwamba yeye mwenyewe aweza kukamatwa, alikuwa amelifahamu kanisa kuliko aliyetia sahihi ile ahadi.

Hata hivyo nyumba nazo zina kazi yake. Kanisa la Emmanuel lilijengwa Freretown mwaka 1884, na la Mtakatifu Paulo likajengwa Rabai mwaka 1887. Watu ambao zamani walijenga nyumba za mabwana kwa kulazimishwa, sasa walikuwa na nyumba waliyoweza kuiita yao. Nyumba huweka kumbukumbu, hukusanya waliotawanyika, na humfundisha mtoto mahali pa kusimama. Ni vema kuipenda. Lakini tumeona kwamba ilikuja mwisho. Kwanza alikuja kiwete mmoja, kisha baba na mwanawe, kisha mateka wasio na ukoo, kisha watoro. Na baada ya hao wote yakaja mawe.

Sasa twaweza kuwajibu wale watu wawili wa mwanzo. Yule asemaye kwamba imani ni ya moyo wake peke yake amesema kweli nusu. Ni kweli kwamba Mringe aliamini kwa moyo wake mwenyewe, wala hakuna aliyeweza kumwaminia. Lakini imani yake ilimfikia kwa mdomo wa mtu mwingine, na ilitunzwa na watu hadi pumzi yake ya mwisho. Mkono mmoja haulei mwana, na imani nayo hulelewa. Naye asiyekosa kiti chake Jumapili ana mwanzo mzuri, lakini bado amekaa katika nyumba tu. Siku atakapomgeukia jirani yake na kumwuliza jina, na kumtafuta asipomwona wiki ya pili, ndipo atakapoanza kuingia kanisani.