Ombi Linapofika Mbele ya Bodi

Barua ya ombi iliyosomwa na katibu kikaoni bado si hoja. Kwa mujibu wa kanuni za mikutano za Henry Martyn Robert, mhandisi wa Jeshi la Marekani, zilizochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1876, bodi hupigia kura hoja iliyotolewa na mjumbe: ombi likubaliwe, likataliwe au lipelekwe kamatini. Katika bodi ndogo, yenye wajumbe wasiozidi 12 hivi, si lazima hoja iungwe mkono, na mwenyekiti anaweza kujadili na kupiga kura.

Penye utata zaidi ni kuahirisha. Kauli ya “tutaliangalia” si uamuzi, na ndiyo inayowachosha waombaji wengi. Hoja ya kuahirisha hutaja kikao ambamo ombi litarejeshwa. Ya kulipeleka kamatini hutaja kamati, na inafaa itaje pia tarehe ya kuleta taarifa. Kura zikilingana, hoja imeanguka. Uamuzi huandikwa katika kumbukumbu, ndipo katibu amjibu mwombaji.

Sheria iliyounda bodi, pale inapoelekeza vinginevyo, hutangulia kanuni hizi.