Sarafu Katika Siki: Historia ya Kuwanunulia Wazee Chakula Wakati wa Maradhi ya Mlipuko

Katika historia ya maradhi ya mlipuko, yaani maradhi yanayoenea kwa kasi na kuwapata watu wengi kwa kipindi kimoja, suala la chakula cha wazee limezungumzwa zaidi kama suala la kulishwa kuliko suala la kununua. Walioandika habari za tauni, na baadaye walioandika habari za korona, wameeleza kwa kirefu chakula kilitoka wapi, kilikuwa kiasi gani na kiligharamiwa na nani, lakini wamepita haraka juu ya jambo ambalo kwa mzee mwenyewe lina uzito mkubwa, nalo ni nani aliyekichagua. Mtu anayekwenda sokoni huminya parachichi, hunusa samaki, hukataa nyanya zilizolainika, hupatana bei na kuondoka na alichokitaka, ilhali anayeletewa mgao hupokea kilichokwisha kuamuliwa na mwingine. Makala haya yanafuatilia tofauti hiyo katika miji na vijiji vichache vya Italia, Uingereza na Kenya, na hoja yake ni kwamba uhuru wa mzee wa kuchagua ulidumu pale ambapo pesa yake mwenyewe iliweza kuvuka mlango uliofungwa, na ulipotea pale iliposhindwa kuvuka.

Tauni ilipoingia Florence mwaka 1630, mji huo ulikuwa tayari na ofisi ya afya, iliyoitwa Sanità, yenye mamlaka ya kufunga nyumba, kuwatenga wagonjwa na kuwaadhibu waliokaidi. Januari 1631 ofisi hiyo ilitangaza karantini ya mji, ambapo wakazi walitakiwa kubaki ndani kwa siku 40, na kwa kuwa kibarua asiyetoka hana mshahara, serikali ililazimika kuwapelekea maskini chakula nyumba kwa nyumba. Kila mtu alipewa mikate miwili na nusu lita ya mvinyo kwa siku. Jumapili, Jumatatu na Alhamisi ilikuwa siku ya nyama, Jumanne soseji iliyotiwa pilipili manga na viungo vingine, na siku zilizobaki wali na jibini. Kwa kipimo cha zama zile huo ulikuwa ukarimu mkubwa, na haifai kuudharau. Hata hivyo ulikuwa mgao, na soseji ya Jumanne ilifika kwa mwenye meno na kwa asiye nayo vilevile.

Katika mji huohuo, njia ya pili iliendelea kando ya ile ya serikali. Familia kubwa zenye mashamba ya mizabibu zilikuwa na desturi ya kuuza mvinyo nyumbani kwao kupitia kidirisha kidogo kilichotobolewa ukutani, ambacho upana wake ulitosha kupitisha chupa na mkono tu. Francesco Rondinelli, aliyeandika taarifa ya tauni hiyo mwaka 1634, alieleza jinsi wauzaji walivyojikinga: mnunuzi aliweka sarafu juu ya kibamba cha chuma alichonyooshewa kupitia kidirisha, na muuzaji aliitia sarafu hiyo katika siki kabla ya kuishika. Vidirisha zaidi ya 150 vya namna hiyo vingalipo Florence hadi leo, na mwaka 2020, korona ilipoifunga Italia, baadhi yake vilifunguliwa tena kuuzia mvinyo na vinywaji vingine.

Hapa yafaa kueleza siki ilikuwa na kazi gani. Watu wa karne ya 17 waliamini kwamba tauni husafiri katika hewa chafu na hung'ang'ania vitu vilivyoguswa na mgonjwa, kwa hiyo kimiminika kikali chenye harufu kali kilionekana kuwa kinga. Leo inajulikana kwamba ugonjwa huo husababishwa na bakteria wanaobebwa hasa na viroboto, na kwamba kuiosha sarafu hakukuweza kuwaokoa watu wengi. Lakini siki iliondoa hofu ya muuzaji, na muuzaji asiyeogopa pesa ya mteja wake ndiye aliyeendelea kumuuzia.

London ilipopigwa na tauni mwaka 1665, utaratibu ulikuwa mkali zaidi. Nyumba yenye mgonjwa ilifungwa pamoja na wote waliokuwamo, wazima kwa wagonjwa, wazee kwa watoto, kisha ikachorwa msalaba mwekundu mlangoni na kuwekewa walinzi wawili, mmoja wa mchana aliyekaa hadi saa nne za usiku, na mwingine wa usiku aliyebaki hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ni rahisi kuwakumbuka walinzi hao kama askari jela tu, na kwa kweli ndivyo walivyochukiwa, lakini amri za mji ziliwapa pia kazi ya kutumwa: waliofungiwa walipohitaji kitu, mlinzi alipaswa kufunga mlango kwa ufunguo, kuondoka na ufunguo huo, kwenda kukitafuta na kurudi nacho. Aliyeziba mlango ndiye huyohuyo aliyekuwa miguu ya waliomo ndani. Uaminifu wake uliamua mengi, kwa kuwa mzee aliyekabidhi pesa zake dirishani hakuwa na njia ya kujua bei ya sokoni siku hiyo wala chenji iliyostahili kurudi.

Daniel Defoe, aliyekuwa mtoto mdogo wakati wa tauni hiyo na kuchapisha kitabu chake juu yake mwaka 1722, anaeleza ununuzi wa nyama kwa namna inayoonyesha kwamba chenji yenyewe ilikuwa imekuwa hatari. Mnunuzi aliitungua nyama mwenyewe kutoka kwenye ndoano ili asipokezwe mkononi, akatumbukiza malipo katika chungu cha siki kilichowekwa na mchinjaji, na alihakikisha kwamba ametoka nyumbani na sarafu ndogondogo za kutosha kulipa bei kamili, asije akarudishiwa kitu. Kitabu cha Defoe ni riwaya iliyojengwa juu ya kumbukumbu na nyaraka, na hakipaswi kusomwa kama daftari la mashahidi, lakini jambo hili linaafikiana na yale yanayojulikana kutoka mahali pengine.

Mojawapo ya mahali hapo ni Eyam, kijiji cha Derbyshire katikati ya Uingereza, ambacho tauni ilikifikia mwaka 1665 na ambacho, mwezi Juni 1666, kwa uongozi wa kasisi William Mompesson akishirikiana na mtangulizi wake Thomas Stanley, kilikubali kujifungia ili maradhi yasivuke kwenda vijiji jirani. Watu wapatao 260 walikufa kabla ya tauni kwisha. Chakula kilifika kwa njia mbili, na ni vyema zisichanganywe. Kwanza, kabaila wa eneo hilo, Earl wa Devonshire, aliyekaa katika kasri la Chatsworth, alikipatia kijiji mahitaji kwa gharama yake. Pili, kwa mujibu wa mapokeo ya wenyeji, wanakijiji waliendelea kununua kutoka kwa majirani kwa kuacha sarafu mpakani, ama katika maji ya chemchemi ambayo sasa huitwa Kisima cha Mompesson, ama katika matundu yaliyochimbwa juu ya jiwe lililo kati ya Eyam na Stoney Middleton, yakajazwa siki. Jiwe hilo lipo hadi leo, na matundu yake yanaonekana. Wasimulizi wengi husifu zaidi ukarimu wa Earl, na anastahili sifa. Lakini matundu yale yanaeleza jambo ambalo ukarimu hauwezi kulieleza, kwamba watu waliokuwa wakizika jamaa zao kila siku bado walitaka kulipia walichokila.

Katika habari hizi zote, wazee hawakuhesabiwa kama kundi la pekee. Uingereza ilianza kuwahesabu hivyo kwa upande wa pesa tarehe 1 Januari 1909, pale sheria iliyopitishwa mwaka uliotangulia ilipoanza kuwapa wenye kipato kidogo waliotimiza miaka 70 pensheni isiyozidi shilingi tano kwa wiki, iliyochukuliwa katika ofisi za posta. Shilingi hizo zilikuwa chache, lakini zilikuwa mkononi mwa mzee, na dukani hazikumlazimu kuomba. Miaka ya vita kuu ya pili ilileta huduma nyingine, ya wanawake wa kujitolea waliowapelekea wazee chakula kilichokwisha kupikwa, iliyoanza mwaka 1943 na kuenea nchini kote. Ilikuwa huduma ya thamani, ila kapu na orodha ya vitu vya kununua havikuwamo ndani yake.

Hatua iliyorudisha kapu ilitokea Gateshead, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, mwaka 1984. Mvumbuzi Michael Aldrich alikuwa amebuni, tangu mwaka 1979, njia ya kuunganisha televisheni ya nyumbani na kompyuta ya mbali kupitia waya wa simu, na halmashauri ya mji huo ikaamua kuitumia kwa ajili ya wazee na watu wenye ulemavu wasioweza kufika madukani. Mwezi Mei mwaka huo, Jane Snowball, mwanamke wa miaka 72 aliyekuwa amevunjika nyonga, alikaa kitini kwake, akafungua orodha ya bidhaa za duka la Tesco kwenye televisheni, na kwa kubonyeza vitufe vya rimoti akaagiza majarini, kornifleksi za kifungua kinywa na mayai. Vitu hivyo vilitayarishwa dukani na kuletwa mlangoni, naye akalipa taslimu. Tukio hilo hutajwa mara nyingi kuwa ununuzi wa kwanza wa nyumbani kupitia kompyuta, na inasikitisha kwamba kinachosahauliwa ni nani aliyekusudiwa. Biashara ambayo baadaye ilikuja kuonekana kuwa ya vijana wenye haraka ilianzishwa kwa ajili ya mzee mwenye nyonga mbovu, na ilifanikiwa kwa sababu haikumtaka ajue chochote zaidi ya rimoti aliyoizoea na noti zilizokuwa kwenye pochi yake.

Korona ilipofika, ndipo ilipoonekana ni kiasi gani biashara hiyo ilikuwa imewaacha nyuma wateja wake wa kwanza. Tarehe 17 Machi 2020, maduka ya Woolworths nchini Australia yalitenga saa moja ya asubuhi kwa ajili ya wazee na wenye ulemavu, na siku hiyohiyo duka moja la kampuni ya Iceland mjini Belfast lilifanya vivyo hivyo. Ndani ya siku chache mtindo huo ulienea katika nchi nyingi. Nia ilikuwa njema, kwani rafu zilikuwa zikikombwa na wenye nguvu kabla ya wengine kuamka, ingawa utaratibu huo uliwakusanya mahali pamoja watu walewale ambao maradhi yangewadhuru zaidi. Oda za intaneti nazo zilijaa, na nafasi ya kuletewa mzigo ilisubiriwa kwa wiki kadhaa.

Serikali ya Uingereza ilichukua njia ya mgao. Watu walioorodheshwa kuwa katika hatari kubwa kutokana na maradhi waliyokuwa nayo, waliokuwa kama milioni 1.5 mwanzoni, walitakiwa wasitoke kabisa, na kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Julai 2020 walioomba miongoni mwao walipelekewa maboksi zaidi ya milioni nne bila malipo, yenye tambi, vyakula vya kopo, mkate, viazi, matunda, majani ya chai na karatasi za chooni. Maboksi yale yaliwafaa wengi. Lakini yalifanana, na wazee wengi waliozidi miaka 70, ambao walikuwa wameshauriwa kujitenga ila hawakuwamo katika orodha hiyo kwa kuwa hawakuwa na ugonjwa uliotajwa, hawakuyapata. Hao walitegemea jirani, na hapo likaibuka upya swali la London ya 1665: pesa impitie nani? Mzee aliyezoea noti hakuweza kufika benki, wala hakupaswa kumpa mtu kadi na namba yake ya siri, na maduka yenyewe yalikuwa yakiwaomba wateja waache kutumia taslimu. Maduka makubwa yalijibu kwa kutoa kadi maalumu ambazo mzee au jamaa yake aliweza kuzitia pesa, kisha anayetumwa akazitumia dukani na kurudi na risiti. Kati ya hatua zote za msimu ule, hiyo haikupigiwa debe sana, nayo ndiyo iliyomwezesha mzee kutuma orodha yake mwenyewe.

Kenya ilikuwa na zana hiyo tayari. Huduma ya kutuma pesa kwa simu ya M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, ilikuwa imekwisha kuingia hadi kwa mama mboga, yaani mwanamke anayeuza mboga na matunda katika kibanda cha mtaani, na kwa dereva wa bodaboda. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na siku tatu baadaye kampuni ya Safaricom, inayoiendesha huduma hiyo, ilitangaza kuondoa ada kwa pesa zisizozidi shilingi 1,000 zinazotumwa kati ya mtu na mtu. Serikali ilipozuia usafiri wa kuingia na kutoka Nairobi kuanzia tarehe 6 Aprili, na Mombasa, Kilifi na Kwale siku mbili baadaye, wana waliozoea kuwapelekea wazazi wao sukari, unga na mafuta walizuiwa njiani, lakini pesa haikuzuiwa. Mzazi aliyepokea shilingi 800 simuni aliweza kumpigia mwenye duka wa jirani, akamweleza anachotaka, akalipa na kuletewa. Kulipokuwa kugumu zaidi ni Mji wa Kale wa Mombasa, uliofungwa tarehe 6 Mei, katikati ya mwezi wa Ramadhani, pamoja na mtaa wa Eastleigh wa Nairobi, kwa kuwa masoko yaliyomo yalifungwa pia. Simu ilikuwa na pesa, na kibanda cha karibu kikawa kimefungwa.

Msamaha wa ada uliongezwa hadi mwisho wa mwaka 2020. Kuanzia Januari 2021 ada ilirudi, isipokuwa kwa kiasi kisichozidi shilingi 100, ilhali korona ilikuwa bado ipo na chanjo zilikuwa hazijafika nchini.