Charleston: kabla hujachagua mtaa, uliza maji yalipita wapi

Binamu yangu kapata kazi Charleston, South Carolina, na swali lake la kwanza kwenye grupu la familia lilikuwa: "Jamani, nikae mtaa gani?" Mama mdogo akajibu papo hapo, karibu na msikiti. Mjomba akasema, karibu na kazini. Mimi nikamwambia angoje kidogo, maana mji ule si wa kuchagulia mtaa kwa picha za kwenye simu. Kwenye kipindi tuligusia juu juu tu, muda ukaisha. Hapa naandika yaliyobaki.

Hebu tuanze na ramani. Charleston ya zamani imekaa kwenye rasi nyembamba kati ya mito miwili, Ashley na Cooper. Waingereza walifika mwaka 1670, wakakaa kwanza ng'ambo ya Ashley, halafu mwaka 1680 wakahamia kwenye ncha ya rasi. Wengi wa vigogo wao walitoka kisiwa cha Barbados, wakaja na watumwa wao na sheria za utumwa za kulekule. Hiyo ncha ndiyo leo wanaiita South of Broad, yaani kusini mwa mtaa wa Broad. Nyumba zake zinauzwa kwa mamilioni ya dola, na watalii wanapita kwa magari ya farasi wakizipiga picha.

Utajiri huo ulitoka kwenye mpunga. Mabwawa na majaruba yalichimbwa kwa mikono ya Waafrika, na wengi wao walitoka sehemu za Afrika Magharibi ambako watu walikuwa wakilima mpunga kabla hata hiyo Carolina haijapewa jina. Wanahistoria wanakadiria kwamba karibu asilimia 40 ya Waafrika walioletwa utumwani Marekani ya leo waliingilia bandari hii. Na kipindi kibaya kuliko vyote kilikuwa cha mwisho: South Carolina ilifungua tena biashara hiyo mwishoni mwa 1803, na hadi ilipopigwa marufuku na serikali kuu tarehe 1 Januari 1808, watu karibu 40,000 walikuwa wameshushwa Charleston. Wengi walitoka Kongo, Angola na Afrika Magharibi. Meli chache zilitoka upande wetu, Msumbiji. Gati kubwa la miaka hiyo ya mwisho, Gadsden's Wharf, leo limejengwa makumbusho ya historia ya Wamarekani weusi, yaliyofunguliwa Juni 2023. Ukihamia, nenda hapo kabla hujaenda kununua makochi.

Sasa, maji. Rasi haikuwa na umbo hili. Ilikatwakatwa na vijito na mabwawa ya chumvi, na watu wakavijaza kidogo kidogo kwa takataka, maganda ya chaza, unga wa mbao, chochote. Pale soko maarufu la Market Street lilipo palikuwa kijito. Water Street, jina lenyewe linakwambia. Maji yenyewe hayajasahau njia: bahari ikijaa sana barabara hizo zinalowa hata kama mvua haijanyesha tone. Kwa hiyo ukiona kodi imeshuka ghafla ukivuka barabara moja tu, uliza palikuwa nini kabla ya lami.

Kitu kinachowashangaza wengi ni kwamba kabla ya 1865 hapakuwa na "mtaa wa weusi" na "mtaa wa weupe" kama tunavyofikiria. Watu walikaa kiwanja kimoja. Nyumba ya kawaida ya Charleston inaipa barabara ubavu, upana wa chumba kimoja tu, na baraza ndefu pembeni (bibi yangu angejisikia nyumbani kwenye baraza zile). Nyuma, uani, kuna jiko, zizi la farasi, na juu yake vyumba vya watumwa. Kwenye nyumba ya Aiken-Rhett vyumba hivyo bado vipo na unaweza kuingia. Ukiona tangazo la "kijumba cha uani chenye historia" kwa kodi ya kukutoa machozi, sasa unajua ni historia gani.

Kama watu walikaa pamoja, waliongozwaje? Kwa kengele ya usiku, kwa askari wa zamu, na kwa beji za shaba. Bwana aliyemkodisha mtumwa wake kwa kazi za mjini alilazimika kununua beji ya mwaka, imegongwa namba na aina ya kazi: mtumishi, mchukuzi, fundi, mvuvi. Pesa ya mshahara ilikwenda kwa bwana. Beji hizo bado zinafukuliwa kwenye bustani za watu.

Na ndiyo maana mpaka wa mji ulikuwa na maana kubwa. Ulikuwa barabara iliyoitwa Boundary Street, mtaa wa mpaka. Kaskazini yake, hadi katikati ya karne ya 19, palikuwa nje ya jiji, pakiitwa the Neck, yaani shingo. Huko kodi ilikuwa rahisi, nyumba za mbao ziliruhusiwa, na askari walikuwa wachache. Weusi huru na watumwa waliojitafutia vibarua wakasogea huko. Mtaa wa Hampstead, ambao leo uko ndani ya Eastside, ndiko walikojenga kanisa lao la Kiafrika. Mwaka 1822 seremala mmoja, Denmark Vesey, aliyeununua uhuru wake kwa pesa za bahati nasibu, alishtakiwa kupanga uasi. Watu 35 walinyongwa, na kanisa likabomolewa. Mrithi wake, Mother Emanuel, liko kwenye barabara ileile ya mpaka, na ni hapo waumini tisa waliuawa Juni 2015. Barabara yenyewe ilikuwa imeshabadilishwa jina ikaitwa Calhoun, kwa heshima ya mwanasiasa aliyeutetea utumwa. Sanamu yake iliyosimama jirani iliondolewa Juni 2020. Jina la barabara bado lipo.

Wenye asili ya Unguja mtaelewa haraka. Mji Mkongwe na Ng'ambo vilitenganishwa na mkondo wa maji, mkondo ukafukiwa ukawa barabara, na watu wakaendelea kusema "Ng'ambo" kana kwamba bado unahitaji mtumbwi.

Utengano tunaouona leo umekuja na karne ya 20, na sehemu yake umekuja kwa jina zuri: kuhifadhi historia. Mwaka 1920 wakazi waliunda chama cha kuokoa nyumba za kale, na mwaka 1931 jiji likapitisha sheria ya eneo la kihistoria, ya kwanza Marekani nzima. Sheria hiyo iliokoa majengo mengi, sikatai. Lakini wakati huo nyumba nyingi za chini ya Broad na kando yake zilikuwa zimepangwa na familia za weusi maskini. Cabbage Row, kwenye Church Street, ambako mwandishi DuBose Heyward alipata mazingira ya riwaya yake *Porgy* ya 1925, palikuwa pao. Nyumba zikakarabatiwa, zikapakwa rangi za peremende, wapangaji wakaondoka. Miaka ya 1960 ikawa zamu ya Ansonborough, na wakati huohuo barabara kuu ya Crosstown ikapasuliwa katikati ya mitaa ya weusi. Barabara hiyo sasa ina jina la Septima Clark, mwalimu wa Charleston aliyefukuzwa kazi mwaka 1956 kwa kukataa kuukana uanachama wa NAACP. Mwanamke mkubwa kama yule kupewa barabara iliyobomoa nyumba za watu wake, mimi bado sijui nicheke au nilie.

Mwaka 1980 karibu nusu ya wakazi wa jiji walikuwa weusi. Sensa ya 2020 inaonyesha ni chini ya robo. Sehemu ya tofauti ni kwamba jiji limemeza vitongoji vipya, lakini ukitembea Eastside leo, kwenye mtaa ambako mhunzi Philip Simmons alifua mageti yanayopigwa picha mji mzima, utaona mwenyewe nani anahama na nani anahamia.

Hapa ndipo swali la binamu linakuwa gumu. Yeye ni mweusi, mtoto wa wahamiaji, ana digrii na mshahara mzuri. Kwa mwenye nyumba wa Eastside, yeye ndiye kodi mpya. Wagullah, wazawa weusi wa pwani ile, wana maneno mawili: binyah, aliyekuwepo, na comeyah, aliyekuja. Rangi haikufanyi binyah. Lugha yao ina maneno ya Kikongo, ndugu wa Kiswahili, hata njugu wanaita goober, kutoka nguba. Undugu huo ni mzuri kwa salamu, haulipi kodi ya jirani.

Mimi nilimshauri hivi. Kupanga chumba kwenye nyumba inayomilikiwa na familia ya hapohapo Eastside au Wagener Terrace ni afadhali kuliko ghorofa jipya lililojengwa juu ya kiwanja cha mtu aliyeshindwa kodi. North Charleston ni rahisi zaidi, ila ujue wengi walioko huko ndio waliosukumwa kutoka rasini. Na akija kununua kiwanja James Island au Johns Island, aulize mara mbili kuhusu hati. Ardhi nyingi ya weusi huko ni ya urithi usiogawanywa, shamba la babu lenye warithi arobaini na hakuna wosia, na mrithi mmoja akishawishiwa kuuza fungu lake, mahakama inaweza kuamuru lote lipigwe mnada. Sisi tuna mashamba ya namna hiyo kwao na wazee wetu, tunajua yanavyogombanisha watu.

Kuangalia nyumba, aende siku ya bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, saa ya maji kujaa. Avae viatu vya mpira.