Barabara ipanuliwe, lakini ripoti ije kwanza

Kila msimu wa siasa lazima mtu asimame jukwaani aseme wanaouliza maswali kuhusu barabara ni maadui wa maendeleo. Hebu turudi nyuma kidogo.

1989, kulikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Sheria ya kulazimisha mradi kama huo upimwe madhara kwanza haikuwepo. Mwanzilishi wa Green Belt Movement akaandika barua, akaenda korti akashindwa, akatukanwa hadi bungeni. Wafadhili walipojitoa, mradi ukafa. Kilichookoa bustani ni kelele.

Sheria ilikuja 1999, EMCA. Kifungu cha 58 kinataka tathmini ya mazingira kabla kazi ianze, si baada ya tingatinga kufika.

2006 ikaja sheria ya makavazi na turathi. Ukifukua kitu cha kale, uripoti kwa Makavazi ya Kitaifa ndani ya siku 7. Sawa, lakini nani atakitambua? Zana ya mawe, kwa macho ya dereva wa tingatinga, ni kokoto tu. Ndiyo maana mtaalamu wa akiolojia anafaa kutembea hiyo njia mapema. Mfano ni Hyrax Hill, pembeni mwa mji wa Nakuru, karibu na barabara kuu ya kwenda Nairobi. Mary Leakey alichimba pale 1937, na 1943 pakatangazwa mahali pa kuhifadhiwa. Watu wa kale hawakuishi wakifuata ua ambalo serikali iliweka baadaye.

Sasa Waiyaki Way, 2020. Barabara ya juu inakuja Westlands, na mugumo wa zaidi ya miaka 100 uko njiani. Mpango ulikuwa kuung'oa upandwe kwingine. Watu wakapiga kelele, likatoka tamko la rais, ukabaki. Nilifurahi, sikatai. Lakini hesabu miaka: 1989 kelele, 2020 bado kelele, na katikati tuna sheria mbili nzima. Miti mingine ya barabara hiyo haikupata tamko, ilikatwa.

Kwa hivyo mkiitwa baraza kuhusu kupanua barabara ya mtaani kwenu, msiulize tu kama ripoti ipo. Ulizeni ina tarehe gani, na mkandarasi alisaini lini.